Mvua Inapofika, Adui wa Mkulima Nao Huamka

Mara nyingi mkulima akipatwa na hasara husema, "Mwaka huu bahati yangu ni mbaya." Ng'ombe wake amekufa kwa homa, mahindi yametobolewa mabua, mbuzi wamekonda ingawa majani ni tele, na ghala lililojazwa kwa jasho limegeuka unga wa wadudu. Lakini tukiyachunguza mambo hayo tutaona kwamba bahati haihusiki sana. Adui hawa wana majira yao, kama mahindi na maharagwe yalivyo na majira yao. Mtu ajuaye siku za kupanda huweza pia kujua siku za kujilinda, na atakayejilinda kabla ya adui kufika atatumia fedha kidogo kuliko yule anayengoja mpaka aone mzoga.

Katika makala hii tutaeleza habari za adui wanne wanaojulikana sana katika nchi yetu, yaani kupe, viwavi wa mahindi, minyoo ya mbuzi na kondoo, na wadudu wa ghalani. Tutawafuata kwa utaratibu wa mwaka, tangu mvua ya kwanza mpaka mavuno yanapowekwa ndani.

KUPE WA MASIKIO NA NDIGANA KALI

Katika magonjwa yote yaletwayo na kupe, ule unaoua ng'ombe wengi kupita mengine katika Kenya ni ndigana kali. Wamaasai huuita oltikana. Wazungu waliupa jina la pwani ya mashariki kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu waliupeleka mpaka nchi za kusini mwa Afrika, nao ukaua ng'ombe wengi mno huko. Mwaka 1904 mtaalamu wa wadudu wa Afrika ya Kusini, Charles Lounsbury, alionyesha kwamba mwenye kuueneza ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe.

Yafaa kila mfugaji aelewe jinsi kupe huyu anavyoishi, maana humo ndimo ilimo siri ya kumshinda. Jike akishiba damu huanguka chini, hutaga maelfu ya mayai nyasini, kisha hufa. Mayai hayo huangua kupe wadogo sana wenye miguu sita. Hupanda juu ya majani na kungoja mnyama apite. Kupe mdogo humpanda mnyama, hunyonya kwa siku chache, huanguka, na huko chini hubadilika akawa na miguu minane. Hupanda mnyama wa pili, hunyonya, huanguka tena, na kubadilika akawa kupe mzima. Ndipo humpanda mnyama wa tatu. Basi kupe mmoja katika maisha yake hutembelea wanyama watatu, na katikati ya safari hizo hukaa majanini kwa muda mrefu. Kupe mzima aweza kuishi bila chakula zaidi ya mwaka mmoja.

Ugonjwa wenyewe huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kiitwacho theileria. Mayai ya kupe hayarithi kijidudu hicho. Kupe mdogo hukipata akimnyonya ng'ombe aliye nacho, na akiisha kubadilika umbo humtia ng'ombe mwingine. Lakini hamtii papo hapo. Kupe akiisha kujishikiza, kijidudu hukomaa katika mate yake, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua siku tatu au zaidi. Hapa ndipo mfugaji anapopata nafasi yake. Kupe akiuawa kabla ya siku hizo kwisha, ng'ombe huokoka. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba ng'ombe waogeshwe kwa siku maalumu bila kuruka, mara moja kila juma, na mahali penye kupe wengi wakati wa mvua afisa wa mifugo aweza kushauri mara mbili kwa juma. Mtu aogeshaye ng'ombe wake leo, kisha akakaa majuma matatu kwa kuwa "kupe hawaonekani," amemwachia adui siku nyingi kuliko anazohitaji.

Tena kupe wazima huamka hasa mvua zinapoanza, yaani katika masika tangu mwezi wa Machi, na katika vuli tangu mwezi wa Oktoba. Haifai kungoja mpaka masikio yajae kupe ndipo mtu aanze kutafuta dawa.

DALILI NA MATIBABU

Ng'ombe aliyeambukizwa huonekana mzima kwa muda wa juma moja au mawili. Kisha tezi iliyo chini ya sikio huvimba, na baadaye tezi iliyo mbele ya bega. Joto la mwili hupanda kutoka digrii 38 na nusu za kawaida hata kupita 40. Maziwa hupungua, ng'ombe huacha kula, hubaki nyuma ya wenzake, na nywele husimama. Mwishoni hupumua kwa shida, hukohoa, na povu hutoka puani, maana mapafu yamejaa maji. Akifika hapo, kuponyeka ni vigumu sana.

Kwa hiyo mchungaji, hata akiwa mtoto, afundishwe kupapasa chini ya masikio ya kila ng'ombe. Kazi hiyo haigharimu senti. Dawa iitwayo buparvakwoni huponya wanyama wengi ikiwa itatolewa mapema, siku ya kwanza au ya pili ya homa. Ni dawa ya bei kubwa, na ikitolewa wakati povu limekwisha kutoka mara nyingi mwenye mali hupoteza ng'ombe na fedha ya dawa pia.

Tuseme mtu ameuza ng'ombe wake wawili wa kienyeji, akaongeza na mkopo wa chama, akanunua ng'ombe mmoja wa gredi ili apate maziwa ya kulipia karo ya watoto. Wale wa kienyeji walizaliwa katikati ya kupe, na ndama waliopona utotoni walibaki na kinga. Yule wa gredi, hasa akiwa ametoka mahali pa baridi pasipo na kupe wengi, hana kinga yo yote. Akipelekwa kuchungwa pamoja na wengine siku ile ile aliyofika, aweza kufa mwezi haujaisha, na mkopo ungali pale pale. Ndugu msomaji, hasara kama hiyo imezipata jamaa nyingi. Ng'ombe mgeni aogeshwe kabla ya kuingia bomani, akatiwe majani na kulishwa zizini, na mwenyewe aulize habari za chanjo.

Chanjo ipo. Msingi wake ulipatikana Muguga, karibu na Nairobi, katika utafiti wa miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai vya ndigana, na wakati huo huo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ifanyayo kazi kwa siku nyingi. Huugua kidogo tu, au haonekani kuugua, kisha hupata kinga ya muda mrefu, hata maisha yake yote. Chanjo hiyo huhifadhiwa katika hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji baridi mno, na ikiisha kuyeyushwa lazima itumiwe katika saa chache. Kwa sababu hiyo yapasa itolewe na mtaalamu aliyefunzwa, na ni nafuu wafugaji wakikusanya ng'ombe wengi kwa siku moja. Lakini ifahamike vizuri kwamba chanjo hii huzuia ndigana kali peke yake. Magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na kukojoa damu, yangali yanangoja. Aliyechanja asiache kuogesha.

JINSI YA KUOGESHA NA MAKOSA YAFANYWAYO

Katika josho, dawa hutuama chini. Basi kabla ya kuanza yapasa ikorogwe, na ng'ombe wa kwanza kupita warudishwe wapite tena, kwa kuwa mara ya kwanza walipita katika maji yasiyo na nguvu. Ng'ombe wanyweshwe maji kabla ya kufika, wasije wakainywa dawa kwa kiu. Wasiogeshwe wakiwa wamechoka, wala mvua ikiwa karibu kunyesha.

Mwenye kutumia bomba la mgongoni ahakikishe ng'ombe amelowa mwili mzima mpaka dawa inadondoka. Wengi hunyunyiza mgongo tu, mahali ambapo kupe ni wachache, wakaacha ndani ya masikio, chini ya mkia, kiweleni, kwapani na katikati ya miguu. Huko ndiko nyumbani kwa kupe.

Kosa kubwa kupita yote ni kupunguza dawa. Mtu hupima kwa kifuniko cha chupa, akaongeza maji ili dawa itoshe ng'ombe wa jirani. Dawa dhaifu huua kupe dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, na hao ndio watakaozaa. Hivyo ndivyo kupe wanavyoizoea dawa. Arseniki ilitumika majoshoni kwa miaka mingi, mpaka kupe wengine wakawa hawaijali tena, na dawa zilizofuata nazo zimekutwa na mambo kama hayo. Ikiwa dawa imeshindwa, mfugaji amwulize daktari wa mifugo aina nyingine ya dawa. Kubadili jina lililoandikwa kwenye chupa si kubadili dawa, kwa maana chupa mbili za majina mbalimbali zaweza kuwa na kitu kimoja ndani yake.

VIWAVI WA MAHINDI

Wakati kupe wanapoamka malishoni, shambani nako huamka viwavi watobao mabua. Katika sehemu za juu za nchi aliye maarufu ni mtoboaji wetu wa asili, na katika sehemu za joto yuko mwingine aliyetoka Asia, ambaye alionekana mara ya kwanza katika Afrika huko Malawi mwaka 1930. Desturi zao zafanana. Nondo hutaga mayai kwenye majani usiku, na viwavi wachanga hula majani ya moyo wa mhindi. Jani likifunguka huonekana matundu yaliyojipanga kwa safu. Baada ya majuma mawili au matatu kiwavi huingia ndani ya bua, na huko dawa haimpati tena. Mhindi mchanga hukauka moyo, na mkubwa huvunjika kwa upepo.

Mvua zikiisha, kiwavi wa nyanda za juu hulala ndani ya mabua makavu mpaka mvua ya mwaka ujao imwamshe. Mkulima aachaye mabua yamesimama shambani tangu mavuno hata masika amemjengea adui wake nyumba. Mabua yakatwe mapema, walishwe ng'ombe, au yalazwe chini juani kwa majuma kadhaa ili joto liwaue viwavi, au yafukiwe katika shimo la mbolea. Tena watu wa kijiji wapande karibu siku moja, mvua zinapoanza. Shamba lililochelewa hupokea nondo wote waliozaliwa katika mashamba ya kwanza.

Kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimeeneza njia moja inayostahili kusifiwa. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo. Pembeni mwa shamba hupandwa matete ya napia au majani ya brakiaria, ambayo huwavuta. Nondo hutaga mayai huko pembeni, na viwavi wengi hufa humo bila kukua. Desmodiamu pia hulizuia gugu la striga, liitwalo kayongo na Wajaluo, na hurutubisha udongo. Zaidi ya hayo, mimea yote hiyo ni chakula cha ng'ombe. Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi zizini atapata kwa kazi moja kinga ya mahindi na malisho yasiyo na kupe wa njiani.

Mwaka 2017 alionekana katika Kenya mgeni mwingine, yaani kiwavi jeshi kutoka bara la Amerika. Asichanganywe na viwavi jeshi wa zamani, ambao huja kwa makundi makubwa baada ya mvua na kufyeka nyasi na nafaka kisha wakatoweka. Mgeni huyu hatoweki. Atatambulikana kwa alama nyeupe usoni mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na kwa vidoa vinne vyeusi vilivyopangwa mraba karibu na mkia. Hutaga mayai mengi pamoja, yaliyofunikwa kama kwa manyoya.

Mkulima apite shambani mara mbili kila juma tangu mahindi yanapoota. Atazame mimea 10 katika mahali 5 mbalimbali, ayaponde mayai na viwavi kwa vidole. Wengine hutia jivu au mchanga katika moyo wa mhindi, na katika shamba dogo jambo hilo husaidia. Mahindi yakiwa machanga, na mimea iliyoshambuliwa ikifika 20 katika kila 100, ndipo ashauriane na afisa wa kilimo habari ya dawa. Dawa ipigwe asubuhi mapema au jioni, ielekezwe ndani ya moyo wa mhindi, kiwavi angali mdogo. Kiwavi mkubwa huziba mlango kwa kinyesi chake, na dawa humwagika bure.

MINYOO YA MBUZI NA KONDOO

Majani mabichi ya mvua huwafurahisha wachungaji, lakini ndani yake mna hatari. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi, huanguliwa katika unyevu na joto, na baada ya siku chache minyoo wachanga hupanda juu ya majani yaliyolowa. Mbuzi humeza majani pamoja nao. Mbaya zaidi ni yule anyonyaye damu tumboni. Mbuzi huwa mnyonge, na pengine uvimbe laini hutokea chini ya taya.

Njia rahisi ya kupima ni kufunua ukope wa chini. Ukiwa mwekundu, mnyama ana damu ya kutosha. Ukiwa mweupe kama karatasi, minyoo wamemnyonya, naye anahitaji dawa siku hiyo hiyo. Siku hizi wataalamu hawashauri kuwanywesha wanyama wote dawa mara kwa mara bila sababu, maana minyoo huzoea dawa kama kupe walivyozoea. Ni afadhali kuwatibu walio dhaifu, wachanga, na majike waliokaribia kuzaa, kwa kipimo kamili kulingana na uzito. Wasipelekwe malishoni kabla umande haujakauka, na mahali pa kulisha pabadilishwe ili majani yapumzike.

GHALANI

Hatimaye mavuno huletwa nyumbani, na watu hudhani vita vimekwisha. Fukusi wamekuwako siku zote, lakini dumuzi ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Taita Taveta mwaka 1983 baada ya kuingia Tanzania. Dumuzi huweza kutoboa hata mbao za ghala.

Mahindi yasiingizwe ghalani yakiwa mabichi. Kipimo chake ni rahisi. Twaa chupa ya kioo iliyokauka, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yangali na maji, basi yarudishwe juani juu ya turubai. Isiposhika, yamekauka. Ghala lifagiliwe, mahindi ya mwaka jana yatolewe yote, na magunia ya zamani yachemshwe. Magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri sana, kwa kuwa wadudu waliomo hukosa pumzi wakafa bila dawa, mradi gunia lisitobolewe wala kufunguliwa kila siku.

Tunaonya kwa nguvu kwamba dawa ya kupe au ya kunyunyizia shamba isitiwe kamwe katika nafaka ya kula. Ni sumu, yaweza kuua jamaa nzima. Dawa ya ghala ni ile tu iliyoandikwa hivyo, na kwa kipimo kilichoandikwa.

SHAURI LA MWISHO

Katika kila adui tuliyemtaja, jambo moja limejirudia, yaani hakuna aweza kumshinda peke yake. Kupe aliyeanguka kutoka kwa ng'ombe wako atampanda ng'ombe wa jirani, na nondo aliyezaliwa katika mabua ya jirani atataga katika mahindi yako. Zamani majosho mengi yalisimamiwa na serikali. Baadaye mengi yaliachiwa wananchi, na mahali pengi yakakauka kwa kukosa wa kuyatunza. Palipo na kamati yenye hesabu safi, iliyoweka siku moja ya kuogesha na kununua dawa kwa pamoja, josho hudumu. Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na hakika hakivunji kupe pia.

Basi kabla mvua haijafika, kila mwenye shamba ajiulize maneno haya. Je, mabua ya mwaka jana yangali yamesimama? Josho letu lina dawa, na siku yake ni ipi? Nani hupapasa masikio ya ng'ombe jioni? Asiyeweza kujibu aanze leo, wingu lingali mbali.